Nukta Juu ya Mabati

Alhamisi, katikati ya mwezi wa tano. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito mpaka Mlima Elgon ukawa haupo kabisa, halafu likaja jua la kuchoma, halafu saa nane mvua ya mawe, ile ya huku Endebess ambayo haipigi hodi. Mahindi yamefika magotini na yamevumilia. Mama mkwe wangu hajavumilia. Alijifungia jikoni tangu mchana hadi giza, na neno aliloniambia muda huo wote ni moja tu, "Chumvi iko wapi?", na chumvi iko pale ilipokaa tangu niolewe katika boma hili.

Nitaandika kilichotokea, na nitajitahidi nisijipendelee. Najua mtu anayesimulia ugomvi wake na mama mkwe huwa ameshajipa maksi kabla ya mtihani. Pia sikusoma sana. Nilimaliza kidato cha nne na alama ambazo nyumbani hatuzitaji mezani, nikafanya kozi ya kompyuta juu ya duka la mbegu pale Kitale. Wanafunzi tulikuwa wengi kuliko kompyuta, na mengi niliyojifunza niliyachungulia juu ya bega la mwenzangu. Kwa hiyo nikikosea mambo ya kitaalamu, kosa ni langu, si la mashine. Mashine yetu haijawahi kukosea. Fundi wetu wa kompyuta amesema.

Mimi ni karani wa ramani katika chama cha ushirika cha maziwa. Ofisi kuu iko Kitale, tawi liko Bungoma, na ng'ombe wametawanyika kuanzia kwetu Endebess hadi Tongaren. Zamani dereva wa gari la maziwa alikuwa na njia zote kichwani, na siku akiugua, maziwa nayo yaliugua. Wakubwa wakaona si sawa chama kizima kitegemee kichwa cha mtu mmoja ambaye pia anapenda sherehe. Walikuwa na haki. Wakanunua programu ya ramani.

Si ile ramani ya simu ambayo kila mtu anayo bure. Hii ni yetu peke yetu. Inaishi ndani ya kabati la chuma katika chumba kilichokuwa stoo ya mikebe ya maziwa, na ukiingia bado unasikia harufu ya zamani. Kabati lina taa ndogo za kijani, feni na kufuli, na ndani kuna kompyuta kubwa isiyo na kioo, ambayo fundi anaiita sava. Humo ndimo barabara zote zilimo, mito, na picha iliyopigwa kutoka angani inayoonyesha mpaka mabati ya nyumba zetu. Intaneti haiijui. Fundi huisifu kama baba anayemsifu binti yake: haitoki nje, haiongei na watu asiowajua yeye, na anayetaka kuiona aje nyumbani. Ukiwa nje ya waya za ofisi, hata kama umesimama dirishani unalitazama kabati lenyewe, huoni kitu. Tawi la Bungoma tu ndilo linaruhusiwa, kwa laini ya faragha, na hiyo laini hukatika kila stima ikipotea Bungoma, maana yake binti hupata wageni kwa nadra.

Meneja alikuwa na sababu, na lazima niseme ilikuwa nzuri. Wako wachuuzi wanaozunguka na pikipiki wakinunua maziwa kwa wanachama wetu. Wangejua ni boma gani lina ng'ombe wangapi na linakamua kiasi gani, wangefika kabla ya jogoo. "Habari za ng'ombe ni mali," meneja alituambia, "na mali hufungiwa." Akatupa kila mmoja paswadi ndefu, akatukataza kuiandika popote. Mwenzangu wa hesabu aliiandika chini ya kikombe chake, kwa hiyo kila akinywa chai tunaisoma.

Ramani bila watu ni picha tu. Kwa hiyo maafisa wawili walitumwa mashambani na simu za chama, mmoja huku Endebess, mwingine Tongaren. Kazi yao ilikuwa kufika kwa kila mwanachama, kusimama pale anapowekea maziwa yake barabarani, na kubonyeza. Simu inajua iko wapi, inaweka nukta. Wakirudi ofisini, simu zinachomekwa kwa waya, nukta zinaingia kwenye kabati, kufuli inafungwa. Mimi nazipanga, naandika namba ya mwanachama, napaka rangi. Sisi tulichagua buluu.

Sasa, chama kimepata tanki la kupoza maziwa, la upande wa Endebess. Kwa asiyefuga ng'ombe nieleze. Maziwa ya asubuhi gari linayachukua. Ya jioni yanalala, na yakilala bila baridi yanaganda, na yakiganda hayauziki. Tanki likikaa karibu nawe, unakamua jioni, unapeleka, yanapozwa, unalipwa. Likikaa mbali, ya jioni unawapa ndama na majirani, na unaitwa mkarimu. Swali likawa ni tanki liwekwe wapi, na kwa mara ya kwanza katika historia ya chama hatukutaka wakurugenzi walijibu kwa kupigiana kelele. Tukaiachia ramani.

Niliketi, fundi akiwa nyuma yangu, meneja nyuma ya fundi. Nikaiuliza programu ni wapi ambapo wanachama wengi zaidi watafika kwa mguu bila kuchoka. Ilitafakari kwa muda wa mtu kumenya viazi viwili. Kisha ikachora duara jekundu.

Duara lilikuwa kwetu. Sisemi kijijini kwetu. Nasema kwetu, kwa mama mkwe wangu, kwenye ile nyumba ya mbele ambayo mabati yake nayajua kwa sababu yanavuja juu ya kitanda changu.

Nilijua nimebonyeza vibaya. Nikarudia. Duara likarudi pale pale, jekundu zaidi, naona. Meneja akacheka. "Karani wetu, umejipangia vizuri!"

"Sijapanga kitu," nikasema, na nikasikia sauti yangu ikiwa ya mtu aliyepanga.

Nikaisogeza picha karibu. Nukta za buluu, ambazo zilipaswa kukaa barabarani moja moja, zilikuwa zimejaa juu ya paa letu kama kuku walioanika mabawa. Nikazisoma namba. Majirani wote wa kilimani walikuwa humo. Jirani wa ng'ambo ya mto naye alikuwa humo, na kati ya kwake na kwetu kuna mto, daraja la magogo, na kilima ambacho hata watu wa bodaboda hushuka wakasukuma pikipiki.

"Hizi si zimekaa pamoja sana?" nikamuuliza fundi.

"GPS huwa na kupotoka kidogo," akasema. "Ni kawaida."

"Hadi kuvuka mto?"

Akainama akatazama. Ni mtu msomi na si mtu mbaya. "Labda miti ilikuwa mingi. Au ni mwanachama alihamia huko." Kisha akasema jambo ambalo lilininyamazisha: "Programu haijakosea. Imefanya ulichoiuliza." Nikafikiri, mimi ni nani, mtu wa juu ya duka la mbegu. Nikaliacha duara lilipo.

Ulikuwa uamuzi wa siri. Meneja alisema hautoki ndani ya kuta hizo mpaka kikao cha wakurugenzi kikae. Sava ilifungwa. Mimi nilifunga mdomo. Nilipofika nyumbani jioni, nilimkuta mama mkwe amekwisha fyeka matete yote mbele ya geti ili lori la tanki lipate pa kugeuzia.

"Mmoja wa wakurugenzi aliniambia mchana kwa maombi ya kanisani," akasema, akifuta panga. "Ati mashine yenyewe ndio imenichagua. Hakuna mtu alinipendelea."

"Mama, bado kikao."

"Kikao cha nini na mashine imesema?" Akanikazia macho kwa upendo ambao sijawahi kuupata tangu nilipozaa mtoto wa kwanza. "Wewe ni msichana mchapakazi. Mimi nilijua."

Lazima niseme ukweli wake pia. Mama mkwe wangu ni mtu mwema. Alikuja huku kutoka upande wa Nyeri akiwa na mume, sufuria moja na mbegu za viazi, na hakuna mtu aliyewahi kupita getini kwake akaachwa apite tu. Mtu wa stima, mtu wa chanjo, mtu aliyepotea njia, wote wamekaa kwenye kochi lake na wakalishwa chapati. Usipokula anakuuliza ni nani amekukosea. Tanki alilitaka kwa mapenzi yote. Tayari alishasema atawapikia chai watu wote watakaoleta maziwa, kila jioni, na najua angefanya hivyo, na najua ni nani angeviosha vikombe.

Jumapili ile jirani wa ng'ambo alikuja kumpongeza. Ni mjane, nyonga yake moja haimtii, na ana ng'ombe wawili ambao angewafuga kitandani kama wangekubali. Maziwa ya jioni hana pa kuyapeleka, kwa hiyo kila siku anamtuma mtu avuke na chupa yetu, bure. Sisi watu wa nyumba hii tumekunywa jioni za huyo mama kwa miaka. Akakaa, akanywa, akasifu. Alipoondoka nilimsindikiza hadi kwa daraja, na hapo akasimama, akashika gogo.

"Mwanangu, wewe ndiye unakaa na hiyo ramani. Si ungeniambia tu, mimi wameniweka wapi?"

"Haturuhusiwi kusema, mama. Ni ya ndani ya ofisi."

"Haya." Akatazama kilima. "Mimi nilikuwa nasema tu, hiki kilima na jioni, na huu mguu. Labda mashine haijui mguu. Lakini ikisema ni kwenu, ni kwenu. Mungu asifiwe."

Nikarudi nyumbani nikiwa na paswadi yangu ndefu. Ningemwambia nini? Kwamba kwa mujibu wa chama chake yeye anaishi kwenye kochi letu?

Wiki iliyofuata nilitumwa Bungoma, kuwafundisha wenzetu wa tawi kutumia ramani. Fikiria, mimi kufundisha. Nilifika mapema, mwendesha baiskeli akanibeba kutoka stejini hadi ofisini akinielezea siasa yote, nikaketi mbele ya kompyuta nikiomba stima isipotee, au ipotee, sikuwa nimeamua. Stima ilikuwepo. Laini ya faragha ikafunguka, na binti wa Kitale akatokea Bungoma, mzima, na picha yake ya angani.

Mwenzetu aliyezunguka Tongaren ni mtu mkubwa wa mwili na wa kicheko, na alikaa nyuma yangu akila karanga. Nikafungua Tongaren. Nukta za buluu zilikuwa zimelundikana juu ya mabati. Paa hapa, limejaa. Mashamba makubwa ya mahindi, tupu. Paa lingine pale, limejaa.

"Hapa ni wapi?" nikauliza, nikagusa lundo la kwanza.

"Aah, hapo!" Akaacha karanga. "Hapo dada, watu wanajua kupika. Kuku ya kienyeji, na ugali ya wimbi. Hapo usipite hivi hivi."

"Na hapa?"

"Hapo ni kwa mwarimu mstaafu. Wako na maziwa mara, ile ya kuganda, imewekwa jivu. Nilikunywa mpaka nikasema kesho nitaanzia hapo tena."

"Ulianzia hapo tena?"

"Si nakuambia!"

Nikageuza kiti. "Hizi nukta ulibonyeza wapi? Ulisimama wapi?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama huwa anaoga. "Kusimama? Nisimame kwa geti ya mtu kama askari? Dada, mtu amekukaribisha. Unaingia, unasalimia, unanawa mikono. Simu naweka kwa meza. Chai ikishafika, hapo ndio nabonyeza, juu roho imeturia. Kubonyeza-bonyeza simu mbere ya watu umesimama, wanasema ni nini hii, umetumwa na nani? Ni madharau bana."

"Na hawa wengine wote walio kwenye hii nyumba moja?"

"Walikuja! Walisikia kuna mgeni, na kuku imechinjwa. Laini yote, watu wa barabara hiyo nzima, ikakaa hapo. Sasa mimi nitatembea kwenda kwao kufanya nini, na wenyewe wako hapa wanakura na mimi? Nikawachukua mmoja mmoja. Wewe, namba yako? Bonyeza. Wewe? Bonyeza." Akacheka, akanipa karanga. "Kazi ilienda smaati sana."

Nilikula karanga zake kwa sababu sikujua mikono yangu iende wapi. Chama chetu, kwa kabati la chuma, kufuli na laini ya faragha, kilikuwa kimetengeneza na kulinda dhidi ya wachuuzi wote wa dunia ramani ya nyumba zinazopika vizuri. Nikawaza kochi letu, na chapati.

Sitamlaumu yule bwana. Nimejiuliza, mimi ningefanyaje? Ningeingia. Ningekula. Pengine ningesahau hata kubonyeza. Na karatasi ya maagizo waliyopewa ilisema tu "mfikie mwanachama", na yeye alimfikia, tena kabisa.

Nilirudi Kitale nikiwa na shida ambayo programu haikuwa na kitufe chake. Nikisema, tanki linaondoka kwetu, na mama mkwe ameshafyeka matete. Nikinyamaza, jirani wa ng'ambo atabaki na kilima chake, na ramani ambayo mimi ndiye karani wake itakuwa shahidi. Na nikisema, watu watasema nini? Kwamba nimewakosesha watu wangu ili nionekane msafi ofisini. Nilijichunguza kama ni kweli. Kidogo, labda ni kweli. Sikulala vizuri, lakini hiyo pia ni kwa sababu ya yale mabati.

Kwanza nilimtafuta afisa wa huku kwetu, nikamuuliza polepole, nisije nikaonekana namkamata. Hakusita hata kidogo.

"Si ni mama mkwe wako alinikalisha? Alisema hakuna mtu anatembea kilima kile na njaa. Akatuma watu waitwe. Wote wakakuja hapo." Akafikiri. "Zile chapati zilikuwa na tabaka, wewe. Kwa nini, kuna shida?"

"Hukuenda kwa mtu yeyote?"

"Nilienda kwa yule wa mbwa. Nilifika getini, mbwa wakakuja kama wamelipwa. Nikabonyeza hapo hapo nikakimbia."

Nilifungua ramani. Ilikuwa kweli. Katika mtaa wetu wote kulikuwa na nukta moja tu iliyokaa barabarani, mahali pake, imesimama kwa heshima. Ilikuwa ya yule mzee wa mbwa, wa ng'ambo ya mto, ambaye hajamsalimia mtu tangu kanisa libadilishe saa za ibada.

Nikaenda kwa meneja, nikamwita na fundi. Nilieleza vibaya, nikaanzia kwa kuku wa Tongaren badala ya mwanzo, na meneja akafikiri nadai posho ya chakula. Fundi ndiye aliyeelewa. Alininyamazisha kwa mkono, akakaa kwenye kiti changu, akafungua kitu ambacho sikujua kipo: kila nukta ilikuwa imehifadhi saa iliyobonyezwa. Zile za juu ya paa letu zilifuatana kama watu kwenye foleni ya posho, zote alasiri moja, kati ya kikombe cha kwanza na cha pili nadhani. Hakuna mtu angepanda kile kilima kwa kasi hiyo, hata angefukuzwa na wale mbwa.

Fundi akavua miwani. "Nilikuambia ni GPS," akasema. "Si GPS."

"Ulisema programu haijakosea," nikamjibu, "na kweli haijakosea."

Sijui kama alisikia utani wangu. Sijui hata kama ulikuwa utani.

Meneja alikuwa ametulia. "Unajua unachofanya? Hili duara liko kwenu. Ungekaa kimya hakuna mtu angejua. Ramani haitoki nje."

"Ndiyo hiyo shida, bwana meneja. Kama ingetoka, jirani yangu angejiona yuko kwenye kochi letu na angesema mwenyewe."

Meneja akaamuru vipimo virudiwe, Endebess na Tongaren, kwa agizo jipya: afisa asimame pale mkebe wa maziwa unapowekwa, abonyeze, asiketi, asile kitu mpaka amalize laini nzima. Mimi nikaomba nisiguse nukta za mtaa wetu, fundi azipange mwenyewe. Kikao cha wakurugenzi kikasogezwa. Mkurugenzi yule wa kanisani akalalamika kwamba mambo ya siri yanavuja.

Nilimwambia mama mkwe mimi mwenyewe, kabla hajaambiwa na kanisa. Alikuwa anachambua maharagwe. Nilimweleza kila kitu, hadi ya kochi.

"Kwa hiyo chakula changu ndicho kimeharibu mashine," akasema.

"Hapana, mama. Ni mahali walipobonyeza."

"Walibonyeza wakila nini?"

Niliokota harage lililoanguka chini.

"Na ni wewe uliwaambia. Wewe wa nyumba hii."

"Ni mimi."

Aliendelea kuchambua. Maharagwe mazuri yalianza kuingia upande wa mabovu, na sikuthubutu kumwonyesha.

Mtaa wetu ulibakishwa mwisho, nyumba yetu mwisho kabisa, na ndiyo leo. Nilichukua likizo ya siku moja nisiwepo ofisini nukta zetu zikiingia. Mama mkwe alianza kusukuma chapati asubuhi. Afisa akafika saa nane kasorobo, akasimama pale getini kando ya jiwe la kuwekea mkebe, na mama mkwe akatoka na taulo ya kunawia mikono begani.

"Karibu ndani."

"Asante mama, nitapimia hapa."

"Karibu ndani, baba. Chai iko tayari."

"Mama, tumekatazwa." Maskini alikuwa ananusa, nilimwona.

"Nani alikukataza kuingia kwa watu?"

Afisa akanitazama mimi. Sijawahi kumchukia mtu kwa kutazama tu, lakini nilikaribia. Hapo ndipo mvua ya mawe ikaanguka. Mama mkwe akasimama barazani, afisa akasimama getini na mfuko wa plastiki juu ya kichwa, mawe yakimpiga, simu ameifunika kwa kifua inatafuta iko wapi. Ilichukua muda. Mimi nilikuwa katikati, nimelowa, sijui niende kwa nani.

"Angalau mpe mwavuli," mama mkwe akaniambia. Nikampa. Akabonyeza, akashukuru, akaondoka na njaa yake. Mama mkwe akaingia jikoni akafunga mlango, na hapo ndipo nilipoulizwa chumvi.

Simu ile ilichomekwa Kitale alasiri. Nilijua nitasubiri hadi kesho nifike ofisini, niandike paswadi, nione. Jioni, giza likianza, tukasikia mtu akikohoa getini. Alikuwa jirani wa ng'ambo, amevuka daraja mwenyewe na ile nyonga yake, chupa yetu ya maziwa kwapani. Hakuingia. Alisimama pale pale kwenye jiwe la mkebe kama aliyesikia agizo jipya.

"Wamesema ni upande wetu," akasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayetangaza msiba. "Karibu na geti la yule wa mbwa. Nimekuja mwenyewe, nisiseme kwa kutuma mtu."

Ni nani aliyemwambia? Kijiji nacho kina laini yake ya faragha.

Mama mkwe alitoka jikoni. Akamtazama kutoka kichwani hadi kwenye viatu vyenye matope.

"Kwa yule wa mbwa," akasema. "Watu watapeleka maziwa au watapeleka miguu?"

Jirani akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa. Mama mkwe hakucheka. Alishuka ngazi, akampokonya chupa, akamshika mkono upande wa ile nyonga.

"Ingia ukae. Hapa hakuna mtu anabonyeza kitu."

Akaketi kwenye kochi, mahali pake pa zamani kwa mujibu wa chama. Mume wangu akawasha taa, watoto wakasogea. Mama mkwe alinisukumia sahani bila kunitazama, lakini aliniwekea chapati mbili, na ile ya juu haikuwa imeungua. Tulikula chapati za afisa na ndengu, iliyozidi chumvi kidogo, na chai nzito ya maziwa ya jioni, ambayo tanki likifika tutakuwa tunayanunua.